Hukumu Nyepesi Haianzii Mahakamani

Mwezi Juni mwaka 2013, katika kaunti ya Busia, magharibi mwa Kenya, msichana wa miaka 16 alikuwa akirudi nyumbani usiku kutoka katika mazishi ya babu yake. Njiani alivamiwa na wanaume sita. Walimbaka, kisha wakamtupa ndani ya shimo la choo. Aliokolewa akiwa hai, lakini mgongo wake ulikuwa umeumia vibaya, na alikuwa amepata fistula, yaani ule ugonjwa unaomfanya mwanamke ashindwe kujizuia haja.

Wanakijiji waliwakamata watatu kati ya wanaume hao wakawapeleka kituo cha polisi. Unajua walipewa adhabu gani? Waliamriwa wafyeke nyasi kuzunguka kituo. Walipomaliza, waliachiwa waende zao.

Magazeti yalimwita msichana huyo Liz, ili kulificha jina lake halisi. Habari zake zilipochapishwa mwezi Oktoba mwaka huo, watu walishikwa na hasira ambayo haikuwa imeonekana kwa muda mrefu. Tarehe 31 Oktoba 2013, akina mama pamoja na akina baba waliowaunga mkono waliandamana jijini Nairobi wakipeleka madai yao kwa wakuu wa polisi. Watu zaidi ya milioni moja, wa nchi nyingi, walikuwa wametia sahihi zao wakidai haki itendeke. Kesi ilifunguliwa, na mwezi Aprili 2015 mahakama ya Busia iliwahukumu wanaume watatu kifungo cha miaka 15.

Hasira ile haikuwa ya bure. Bila hiyo, huenda nyasi zilizofyekwa zingekuwa ndiyo hukumu pekee.

Lakini, mama mpendwa, hebu tuitazame tena ile adhabu ya nyasi. Ni nani aliyeitoa? Hakimu hakuhusika, kwa maana kesi haikuwa imefika kwake. Iliamuliwa pale kituoni, kabla ya mashtaka yoyote kuandikwa. Hapo ndipo penye fundisho kwetu. Tunapolalamika kwamba wabakaji wanapewa adhabu nyepesi, mara nyingi tunamtazama hakimu peke yake. Kumbe adhabu huanza kupunguzwa njiani, kidogo huku na kidogo kule, hata kesi ikifika mahakamani imebaki mifupa, au haifiki kabisa. Na baadhi ya wanaoipunguza ni wazazi, majirani na washirika wa kanisa.

SHERIA YENYEWE SI NYEPESI

Ni vizuri kila mama aijue sheria ya nchi yake. Nchini Kenya, sheria ya zamani iliweka kiwango cha juu cha adhabu ya kubaka bila kuweka kiwango cha chini. Hakimu aliweza kumfunga mbakaji maisha, au kumfunga miaka michache tu. Ndipo mwaka 2006 Bunge lilipopitisha Sheria ya Makosa ya Kingono. Mswada huo uliletwa na Bi. Njoki Ndung'u, wakati huo akiwa mbunge wa kuteuliwa, ambaye baadaye alikuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu.

Sheria hiyo iliweka viwango vya chini. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ya hapo hufungwa maisha. Mtoto akiwa na miaka 12 hadi 15, kifungo hakipungui miaka 20. Akiwa na miaka 16 hadi 18, hakipungui miaka 15. Kumbaka mtu mzima ni miaka 10 au zaidi, na kubaka kwa genge ni miaka 15 au zaidi. Kwa hiyo ile miaka 15 waliyopewa watu wa Busia ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho sheria imeweka kwa kosa lile.

Ndugu zetu wa Tanzania walitangulia. Sheria yao ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, inayojulikana kwa jina la SOSPA, iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji, na kifungo cha maisha kwa anayembaka mtoto wa chini ya miaka 10.

Kumekuwa na mvutano mkubwa juu ya viwango hivi huko Kenya. Mwezi Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba si haki jaji alazimishwe kumhukumu kifo kila aliyepatikana na hatia ya kuua, bila kupima mazingira ya kosa lenyewe. Baada ya hapo mahakama nyingine zilianza kuutumia uamuzi huo kupunguza vifungo vya wanajisi wa watoto pia. Wazazi wengi waliumia walipoona miaka waliyoisikia siku ya hukumu ikikatwa kwenye rufaa. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilieleza kuwa uamuzi wake ulihusu mauaji tu. Mvutano haukuisha mpaka Julai 2024, mahakama hiyo ilipomrudishia kifungo cha miaka 20 mtu ambaye Mahakama ya Rufaa ilikuwa imempunguzia hadi miaka 15. Ilisema kwamba viwango vya chini vilivyowekwa na Bunge ni halali.

Haki inatudai pia tuusikilize upande wa pili. Katika magereza wamo vijana waliofungwa miaka 15 kwa sababu walikuwa wapenzi wa wasichana wa miaka 16 au 17, na wao wenyewe walikuwa wametoka tu utotoni. Mwezi Machi 2019 majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa ya Kenya walisema wakati umefika wa kuufikiria upya umri wa ridhaa, na maneno hayo yalizusha hasira nyingine. Sisi kama Wakristo hatuwafundishi watoto wetu kwamba mapenzi ya namna hiyo ni sawa. Hata hivyo, kijana aliyepotoka na msichana rika lake hafanani na mzee aliyemvizia mtoto wa darasa la pili. Mama mwenye watoto wa kike na wa kiume anaielewa tofauti hiyo.

Basi, ikiwa sheria ni nzito hivi, mbona wahalifu wengi bado wanatembea vijijini mwetu vifua mbele?

KESI HUFIA WAPI?

Mahali pa kwanza kesi inapofia ni nyumbani. Mtoto anarudi akilia, na mama kwa uchungu na aibu anamwogesha upesi, anazifua zile nguo, anamwambia anyamaze. Anafanya hivyo kwa upendo. Lakini maji yale yamekwisha kuondoa ushahidi ambao daktari angeuona. Wakati mwingine mama anaogopa zaidi kwa sababu aliyefanya uovu ni wa nyumbani: mjomba, baba wa kambo, binamu aliyekuja kusoma mjini, au mpangaji wa chumba cha nyuma. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mama anahesabu: huyu akifungwa, nani atalipa kodi ya nyumba? Wakwe watanionaje?

Mahali pa pili ni barazani kwa wazee. Jioni familia mbili zinakutana, mbuzi anatajwa, au fedha kidogo, na wakati mwingine msichana mwenyewe anatolewa aolewe na aliyemwumiza. Kaskazini mwa Kenya huita maslaha, na kwingine husema kuyamaliza mambo nyumbani. Jina lolote litakalotumiwa, mtoto hapati chochote katika mapatano hayo. Anayepata ni mhalifu, ambaye amejua bei. Sheria ya Kenya iko wazi hapa: kusimamisha uchunguzi au mashtaka ya kosa kama hili si uamuzi wa mzazi, wala wa chifu, wala wa mzee yeyote. Ni uamuzi wa mkuu wa mashtaka wa serikali.

Mahali pa tatu ni kituo cha polisi. Hapa kosa la kubaka linaweza kuandikwa kuwa ni shambulio la kawaida, na likiandikwa hivyo hakimu hawezi kumhukumu mtu kwa shtaka ambalo halikuletwa mbele yake. Au mama anaambiwa aje kesho, na kesho aje tena, mpaka nauli inamwishia.

Juu ya jambo hili kuna kesi ambayo kila mama angefaa kuijua. Mwaka 2012 wasichana 11 wa Meru, wenye umri wa miaka 5 hadi 15, wakisaidiwa na kituo kilichokuwa kikiwahifadhi watoto walionajisiwa, waliwashtaki polisi katika Mahakama Kuu. Hawakuwashtaki kwa kuwanajisi. Waliwashtaki kwa kutowachunguza waliowanajisi. Tarehe 27 Mei 2013 Jaji J. A. Makau aliamua kwamba polisi walivunja haki za watoto hao kwa kupuuza malalamiko yao, akaamuru uchunguzi ufanywe upesi na kwa ujuzi unaotakiwa. Kesi hiyo hujulikana kama ya wasichana 160, kwa sababu ya hesabu ya watoto waliokuwa wamepitia mikononi mwa kituo kile. Angalia tarehe tena: mwezi uliofuata ndipo Liz alipotupwa katika shimo la choo kule Busia, na askari wakatoa adhabu ya nyasi. Hukumu nzuri iliyoandikwa Meru ilikuwa haijafika katika kila kituo.

Mahali pa nne ndipo mahakamani kwenyewe. Kesi inaahirishwa mara tatu, mara tano. Shahidi amehama. Daktari aliyejaza fomu amehamishiwa hospitali nyingine. Mtoto aliyekuwa na miaka tisa sasa ana kumi na moja, na hataki tena kusema mbele ya watu. Umri wake haukuthibitishwa kwa cheti chochote, na adhabu inategemea umri. Hakimu anamwachilia mshtakiwa, nasi tunasema mahakama imehongwa. Hongo ipo, hatukatai. Lakini mara nyingi faili lilifika kwake likiwa tupu.

HASIRA YA MFALME DAUDI

Biblia haikuificha dhambi hii. Katika 2 Samweli sura ya 13 tunasoma juu ya Tamari, binti wa mfalme Daudi, aliyebakwa na Amnoni, ndugu yake wa baba mmoja. Amnoni alijifanya mgonjwa, akaomba Tamari ndiye ampikie. Tamari alikataa, akamsihi, akamwonyesha aibu itakayowapata wote wawili. Hakusikilizwa. Baadaye akafukuzwa na mlango ukafungwa nyuma yake.

Tazama sasa watu wa nyumba ile walifanya nini. Absalomu, kaka yake, alimwambia anyamaze kwa kuwa Amnoni ni ndugu yake. Na baba yake, mfalme, ambaye ndiye aliyekuwa hakimu mkuu wa nchi, Maandiko yanasema alikasirika sana. Tunaposoma zaidi tukitafuta alichofanya baada ya kukasirika, hatukioni. Hakumwita Amnoni. Hakumwita Tamari amsikilize. Hasira yake iliishia kifuani.

Matokeo tunayajua. Tamari alikaa nyumbani kwa kaka yake akiwa ameharibikiwa na furaha. Baada ya miaka miwili Absalomu alimwua Amnoni kwa kisasi, akakimbia, na mwisho akamwasi baba yake mwenyewe. Nyumba nzima ilibomoka kwa sababu haki haikutendwa siku ile ilipotakiwa.

Sulemani, mwana mwingine wa Daudi, ndiye anayehesabiwa kuwa mwandishi wa kitabu cha Mhubiri, na katika sura ya 8 mstari wa 11 tunafundishwa kwamba hukumu ya uovu isipotekelezwa upesi, mioyo ya watu hupata ujasiri wa kutenda mabaya zaidi. Yafaa tutafakari kama mwandishi alikuwa na nyumba yake mwenyewe mawazoni.

Kwa hiyo tujihadhari na hasira za namna mbili. Kuna hasira ya Daudi, inayopiga kelele siku mbili sokoni na kwenye redio, kisha inapoa. Na kuna hasira ya Absalomu, inayokusanya mawe na matairi kumchoma mshukiwa njiani. Hiyo nayo si haki. Mtu asiye na hatia amekwisha kuuawa namna hiyo zaidi ya mara moja, na mtoto aliyeumizwa hubeba tena mzigo wa kifo juu ya mzigo wa kwanza. Mfano wetu uwe yule mjane wa Luka 18, ambaye hakumpiga hakimu dhalimu wala hakukata tamaa. Alirudi, akarudi, akarudi, mpaka akasikilizwa.

MAMA AFANYE NINI?

Yafuatayo ni mambo ambayo kila mama angefaa kuyajua kabla ya siku ya msiba, maana siku hiyo akili hupotea.

1. Mwamini mtoto na umwambie kwamba hakukosa. Usimwulize alikuwa amevaa nini au kwa nini alipita pale. Hata Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, inasema msichana aliyekamatwa kwa nguvu shambani hana hatia, kama vile mtu aliyeuawa asivyo na hatia ya kifo chake.

2. Usimwogeshe, wala usifue nguo zake. Ziweke katika mfuko wa karatasi au uzifunge kwa gazeti. Usitumie nailoni, kwa sababu unyevu huharibu ushahidi.

3. Mfikishe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita. Zipo dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi, na muda huo ukipita hazisaidii. Daktari atatibu pia majeraha, atazuia magonjwa mengine na mimba, na kuandika alichokiona.

4. Ripoti polisi. Nchini Kenya omba namba ya taarifa yako katika kitabu cha matukio, na fomu ya P3, ambayo hutolewa bure. Tanzania utapewa fomu ya PF3, na katika vituo vingi lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Soma kilichoandikwa. Kama mtoto amebakwa, neno hilo liwe limeandikwa hivyo.

5. Tunza cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, na ile kadi ya kliniki uliyopewa alipokuwa mchanga. Karatasi hiyo ndogo yaweza kuamua kama mhalifu atafungwa maisha au miaka yenye kikomo.

6. Usikubali kuambiwa kwamba bila shahidi mwingine hakuna kesi. Kenya na Tanzania, mahakama yaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake katika makosa haya, ikiwa hakimu ameridhika kwamba mtoto anasema kweli, na ameandika sababu zake.

7. Piga simu uombe msaada. Namba 116 huwasaidia watoto Kenya na Tanzania, na Kenya ipo pia namba 1195 kwa waliodhulumiwa kijinsia. Zote ni za bure.

KANISA NALO LISIMAME

Vikundi vyetu vya akina mama hufanya kazi nzuri. Tunawatembelea wafiwa, tunachanga kwa ajili ya harusi, tunamwosha mzazi aliyejifungua. Lakini mama ambaye mtoto wake amenajisiwa mara nyingi huachwa peke yake, na pengine mshtakiwa ana watu wengi upande wake kuliko yeye. Ikiwa mshtakiwa ni mwimbaji wa kwaya au mzee wa kanisa, tutasikia haraka neno la kusamehe. Ndiyo, Mungu hutusamehe anayetubu. Lakini mwizi aliyetubu msalabani hakushushwa msalabani, na yeye mwenyewe alikiri kwamba anastahili adhabu yake. Msamaha wa mchungaji haufuti faili la polisi, na asiwepo kiongozi wa kanisa wa kumbembeleza mama aondoe mashtaka ili jina la kanisa lisichafuke.

Tuwalee pia watoto wa kiume. Kila mbakaji aliyesimama kizimbani aliwahi kubebwa mgongoni na mwanamke. Kijana afundishwe tangu udogo kwamba dada yake si mtumishi wake, kwamba neno hapana halina maana nyingine, na kwamba wakati wenzake wanapomkamata msichana njiani, kusimama kando akitazama ni kushiriki. Wanaume sita walikuwa njiani usiku ule wa Busia, na hatukusikia hata mmoja wao aliyekwenda kuita msaada.

Na tuende mahakamani. Hili ni jambo rahisi ambalo vikundi vingi havijalijaribu. Mama mmoja akikaa peke yake kwenye benchi la korti, kesi huahirishwa na hakuna anayeuliza. Wakikaa akina mama kumi nyuma yake, wamevaa sare zao, wametulia, wamekuja mara ya kwanza na ya pili na ya tano, kila mtu mle ndani huwaona. Hawatasema neno wala kumtisha yeyote. Nauli itoke katika mfuko wa kikundi, zamu ipangwe kama tunavyopanga zamu ya kufagia kanisa, na mmoja abaki nje kumshika mkono mtoto anapoitwa kutoa ushahidi.

Katika mkutano wenu ujao, mwenyekiti aulize kama yuko mama katika mtaa wenu mwenye kesi ya namna hii, na tarehe yake ya kurudi mahakamani ni lini. Tarehe hiyo iandikwe katika kitabu cha kikundi, pamoja na majina ya watakaokwenda naye.